Kurekebisha Faharasa ya Programu Bila Kuanza Upya

Mwalimu anayefundisha kwa kitabu cha kiada huijua thamani ya faharasa. Mwanafunzi akiuliza habari za usanidinuru, mwalimu hapekui kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Huenda moja kwa moja mwishoni, akaitafuta herufi U, na hapo akakuta namba za kurasa zote zinazohusika. Kazi ambayo ingemchukua saa nzima humalizika kwa nusu dakika.

Lakini tuseme kwamba mwandishi wa kitabu hicho ameiandika upya sura ya tano peke yake, na sura nyingine hazikuguswa. Faharasa itarekebishwaje? Kuongeza maneno mapya ya sura ya tano ni kazi nyepesi, kwa kuwa kila neno hupelekwa penye herufi yake. Ugumu uko katika kuyaondoa ya zamani. Maneno ya sura ya tano hayakukaa pamoja ndani ya faharasa; yametawanyika tangu A hadi Z, moja hapa, mawili kule, yamechanganyika na maneno ya sura nyingine zote. Ili ayaondoe yote pasipo kusahau hata moja, mhariri hana budi kuisoma faharasa nzima toka mwanzo hadi mwisho, ingawa kilichobadilika ni sura moja tu. Tena, ikiwa sura hiyo imerefuka kwa kurasa mbili, namba za kurasa zote zinazofuata zimekwisha kuwa za uongo.

Tatizo hili dogo la mhariri ndilo hasa ambalo watengenezaji wa zana za kompyuta wamepambana nalo kwa zaidi ya miaka 40. Makala haya yanaeleza namna walivyolishughulikia, na ni kwa nini ufumbuzi wake una mafunzo kwa mtu yeyote anayetunza orodha iliyo kubwa kuliko mabadiliko yake.

FAHARASA YA MSIMBO CHANZO

Programu ya kompyuta huandikwa kwanza kwa lugha ambayo mwanadamu anaweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo, nayo huhifadhiwa katika mafaili. Ndani yake kuna vijiprogramu vingi, yaani vipande vya amri vilivyopewa majina, na kila kimoja huweza kuitwa kwa jina lake kutoka mahali pengine popote katika programu. Programu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu huenda ikawa na vijiprogramu kumi, navyo hukaa kichwani mwake bila taabu. Linux, programu inayoendesha simu na kompyuta nyingi duniani, ilipoanza mwaka 1991 ilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa imepita mistari milioni 27, katika mafaili zaidi ya 60,000. Hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kuyabeba hayo yote. Mtaalamu akikutana na jina asilolijua, lazima aulize: jina hili limeelezwa wapi, na ni nani wengine wanaolitumia?

Mojawapo ya zana za kwanza za kujibu swali hilo ni ctags, iliyoandikwa na Ken Arnold wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1970. Zana hii husoma mafaili yote ya programu na kutoa orodha moja ya majina. Kila mstari wa orodha una mambo matatu: jina, faili ambamo jina hilo limeelezwa, na alama ya kuonyesha mahali penyewe ndani ya faili. Orodha hupangwa kwa alfabeti, ili kompyuta iweze kuitafuta kwa kugawa nusu kwa nusu: hutazama katikati, ikaamua jina liko juu au chini, ikatupa nusu isiyohitajika, na kuendelea hivyo. Orodha yenye majina 500,000 humalizwa kwa hatua 19 au karibu na hapo, kwa maana 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 19 hutoa 524,288.

Hapa tuitazame vizuri ile alama ya mahali. Ingekuwa rahisi kuandika namba ya mstari: “kijiprogramu hiki kiko mstari wa 214”. Lakini mtu akiongeza mstari mmoja tu mwanzoni mwa faili, 214 itageuka 215, na namba zote za faili hilo zitakuwa zimeharibika. Kwa hiyo ctags huandika maneno ya mstari wenyewe badala ya namba yake, na kihariri kikifungua faili huyatafuta maneno hayo. Faili linaweza kurefuka na kufupika, na alama ikabaki kuwa ya kweli, mradi mstari ule haukuguswa. Mimi nadhani huo ndio uamuzi wa busara kupita yote katika zana hiyo ndogo, kwa sababu njia ya haraka kuliko zote ya kufanya marekebisho ni kutokuwa na haja ya kuyafanya.

HESABU YA KAZI YA BURE

Hata hivyo mafaili hubadilika, na majina mapya huzaliwa. Ndipo ctags ikapewa uwezo wa kurekebisha: mtumiaji hutaja mafaili yaliyobadilika, na zana huondoa mistari ya zamani ya mafaili hayo na kuweka mipya. Ilifanyaje? Kwa kila faili lililotajwa, orodha nzima ilipewa jina la muda, ikasomwa yote, kila mstari usiolihusu faili lile ukanakiliwa katika orodha mpya, kisha orodha ya zamani ikafutwa. Faili la pili likitajwa, kazi yote hiyo ilirudiwa toka mwanzo, na la tatu vivyo hivyo. Mwishowe mistari mipya iliongezwa chini, na orodha yote ikapangwa tena kwa alfabeti.

Tuihesabu. Tuseme orodha ina mistari 500,000, na kila mstari ni wa baiti 60. Jumla ni baiti milioni 30, yaani megabaiti 30. Mtaalamu amebadilisha mafaili 10, kila moja lina majina 80. Ili kuondoa mistari 800, kompyuta itasoma megabaiti 300 na kuandika karibu megabaiti 300 nyingine. Kisha, kwa kupanga mistari 500,000 upya, itahitaji ulinganisho upatao milioni 9.5 (500,000 mara 19), hali mistari hiyo yote, isipokuwa 800, ilikuwa imekwisha kupangwa tangu jana.

Waandishi wa ctags walilijua jambo hili. Maelezo ya matumizi yaliyoandamana na zana hiyo yalimwonya mtumiaji waziwazi kwamba njia hii ya kurekebisha ni ya polepole, na kwamba kwa kawaida ni afadhali kuiunda orodha yote upya. Wasomaji wengine watacheka kuona kiraka kikizidi bei ya nguo mpya. Lakini tusiwahukumu kwa vipimo vya leo. Programu za siku zile zilikuwa ndogo, orodha zake zilikuwa na majina mamia tu, na njia waliyoichagua iliandikwa kwa mstari mmoja wa amri zilizokwisha kuwapo. Kazi iliyofanyika haikumchosha mtu. Ni orodha iliyokua, si wao waliokosea.

Je, inawezekana kuiharakisha bila kubadili umbo la orodha? Inawezekana, tena kwa njia ambayo mwanafunzi angeweza kuigundua mwenyewe. Kwanza, majina ya mafaili yote 10 yakusanywe mahali pamoja, kisha orodha isomwe mara moja tu, kila mstari uulizwe, “Je, faili lako ni mojawapo ya haya kumi?” Megabaiti 300 zimekuwa 30. Pili, mistari mipya 800 ipangwe kwa alfabeti peke yake, kazi ambayo haifiki ulinganisho 8,000, kisha iunganishwe na orodha ya zamani wakati ile inapopitiwa. Ni kama walimu wawili wenye orodha mbili za wanafunzi zilizokwisha kupangwa: hawazichanganyi na kuanza upya, bali huziweka sambamba, na kila mara huchukua jina lililo mbele kati ya mawili ya juu. Ulinganisho wote hauwezi kuzidi 501,000 au karibu na hapo, badala ya milioni 9.5.

Hayo ni maendeleo makubwa, lakini hayajagusa kiini. Mtu akibadilisha faili moja lenye jina moja jipya, bado megabaiti 30 zitasomwa na 30 kuandikwa. Gharama inafuata ukubwa wa orodha, haifuati ukubwa wa badiliko. Programu ikikua mara kumi, badiliko lile lile litagharimu mara kumi zaidi, ingawa mwandishi hakufanya kosa lolote ila kuajiriwa katika mradi mkubwa.

MASWALI HUJA KWA JINA, MABADILIKO HUJA KWA FAILI

Kiini cha tatizo ndicho hiki. Anayeuliza huja na jina mkononi: “Liko wapi?” Kwa ajili yake orodha imepangwa kwa majina. Lakini badiliko haliji kwa jina. Huja kwa faili. Orodha iliyopangwa ili impendeze muulizaji humtesa mrekebishaji, na kinyume chake.

Kinyume chake kiliwahi kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Joe Steffen, katika maabara za Bell Labs huko Marekani, alitengeneza zana iitwayo cscope. Kumbukumbu yake kuu imepangwa kwa mafaili: kwanza yote ya faili hili, kisha yote ya lile. Faili moja likibadilika, habari za mafaili mengine hunakiliwa kama zilivyo toka kumbukumbu ya zamani, na lile moja tu ndilo husomwa upya. Kuondoa ya zamani si tatizo tena, kwa kuwa yanakaa pamoja. Lakini sasa ni muulizaji anayelipa: jina likitafutwa, kumbukumbu nzima husomwa toka mwanzo hadi mwisho. Kwa miradi mikubwa cscope iliongezewa faharasa ya pili, iliyopangwa kwa majina, ambayo mtumiaji huiomba mwenyewe anapoihitaji.

Njia inayozitosheleza pande zote mbili ni kuweka orodha mbili kwa pamoja. Orodha ya kwanza huenda toka jina kwenda faili, nayo ni ya muulizaji. Ya pili huenda toka faili kwenda majina, nayo ni ya mrekebishaji. Faili likibadilika, zana huifungua orodha ya pili na kuona: faili hili lilikuwa na majina haya 80. Basi huenda kwa kila jina moja kwa moja katika orodha ya kwanza na kuliondoa, bila kuwagusa majirani zake.

Kuliendea jina moja kwa moja na kuliondoa hakuwezekani vizuri katika faili la matini lililonyooka, maana kuondoa mstari katikati hulazimu kusogeza yote yanayofuata. Hapa hutumika muundo ulioelezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika makala waliyoyachapisha mwaka 1972, unaoitwa mti-B. Orodha hugawanywa katika kurasa ndogo ndogo, na juu yake kukawa na kurasa za kuelekeza, kila ukurasa ukionyesha njia kama mia moja kwenda chini. Kwa kuwa 100 mara 100 mara 100 ni 1,000,000, ngazi tatu zinatosha kwa majina yetu 500,000. Kuondoa majina 80 kunahitaji kusoma kurasa 240 hivi, na kuongeza 80 mapya ni kiasi hicho hicho. Hizo ni kurasa mia chache za baiti elfu chache kila moja, na programu iongezeke hata mara mbili, hesabu hiyo haibadiliki.

Kuna hatua moja zaidi ambayo mara nyingi husahauliwa. Mwandishi anapolibadilisha faili lenye majina 80, ni nadra sana ayabadilishe yote. Pengine ameongeza kijiprogramu kimoja na kukipa kingine jina jipya. Zana yenye orodha ya pili inaweza kulinganisha majina ya jana na ya leo, ikakuta 79 hayakubadilika, na kuyashughulikia yaliyobaki tu. Kurasa 240 zimekuwa kumi au kumi na mbili.

Bei ya yote haya ni nafasi katika diski, ambayo huongezeka sana kwa sababu kila jambo limeandikwa mara mbili. Bei nyingine haionekani upesi. Orodha mbili lazima zikubaliane siku zote. Umeme ukikatika baada ya orodha moja kuandikwa na kabla ya nyingine, majina yatabaki yanayoelekeza kwenye faili lisilo nayo tena, na hakuna atakayejua mpaka mtu apotee njia. Kwa sababu hiyo zana njema huandika kwanza katika daftari la pembeni mambo inayokusudia kuyafanya, ndipo huyafanya. Ikizimika katikati, ikiwaka tena hulisoma daftari na kumalizia.

KUFUTA BILA KUFUTA

Wengine wameliendea jambo hili kwa njia nyingine kabisa. Wamesema: ikiwa kufuta ni kugumu, tusifute.

Kila faili hupewa namba ya toleo. Faili la 37 lilipoingizwa mara ya kwanza, maingizo yake yote yaliandikwa “37, toleo la 1”. Likibadilika, maingizo mapya huandikwa “37, toleo la 2”, na katika jedwali dogo huandikwa kwamba toleo lililo hai la faili la 37 ni la 2. Maingizo ya zamani huachwa pale pale yalipo. Muulizaji akiyakuta, zana hutazama jedwali, hukuta kwamba toleo la 1 limekwisha kufa, na kulipita kimya. Kufuta maingizo 80, au 8,000, kumekuwa ni kubadilisha namba moja.

Hali kadhalika maingizo mapya hayaingizwi katika orodha kubwa. Hukusanywa katika orodha ndogo ya pembeni, na anayeuliza hujibiwa kwa kutazama zote mbili. Lucene, programu ya kutafuta maneno ambayo Doug Cutting aliianza mwaka 1999, hufanya kazi kwa namna hii. Faharasa yake ni mkusanyiko wa vipande. Kipande kikishaandikwa hakibadilishwi tena, na ingizo lililokufa hutiwa alama tu. Utaratibu unaofanana na huo, wa kuandika kwanza mahali padogo na kuunganisha baadaye, ulielezwa kwa ajili ya hifadhi za data mwaka 1996 na Patrick O'Neil na wenzake watatu.

Bila shaka uchafu hujilimbikiza. Siku nzima ya kazi ikizaa vipande mia, kila swali litalazimika kuulizwa mara mia. Kwa hiyo, wakati kompyuta imepumzika, vipande vidogo huunganishwa kuwa vikubwa, na maingizo yaliyokufa huachwa nyuma. Kanuni nzuri ni kuunganisha vipande vinavyolingana ukubwa tu. Hapo kila ingizo linalohamishwa hujikuta katika kipande kikubwa mara mbili kuliko cha awali, na kwa hiyo haliwezi kuhamishwa zaidi ya mara 19 au 20 katika orodha yetu ya majina 500,000. Kazi ya kufagia haikutoweka. Imeahirishwa mpaka saa ambayo hakuna mtu anayesubiri, na ikafanywa kwa mafungu.

NI FAILI GANI LILILOBADILIKA?

Mpaka hapa tumechukulia kwamba zana inayajua mafaili yaliyobadilika. Katika hali halisi, hapo ndipo muda mwingi hupotea, na mtu anayependa kuharakisha bila kupima kwanza huishia kupaka rangi nyumba ya jirani. Tuseme marekebisho huchukua sekunde 10, ambamo sekunde 8 ni za kusoma mafaili yote ili kujua yapi yamebadilika, na 2 ni za faharasa yenyewe. Tukiiharakisha kazi ya faharasa mara 100, jumla itakuwa sekunde 8.02. Gene Amdahl aliitoa hoja ya namna hii mwaka 1967 alipozungumzia kompyuta zenye vichakataji vingi, nayo inafaa kuandikwa ubaoni katika kila darasa la hesabu.

Historia ya swali hili ina asubuhi moja iliyopotea. Mwaka 1976, katika maabara zile zile za Bell Labs, Stuart Feldman alitembelewa na mwenzake Steve Johnson aliyekuwa amejaa hasira. Johnson alikuwa ametumia asubuhi nzima kutafuta kosa katika programu isiyo na kosa. Alikuwa amekwisha kulisahihisha, lakini faili lililosahihishwa halikupitishwa tena katika kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa amri za mashine. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikiendesha toleo la zamani. Kutokana na kisa hicho Feldman aliandika make, zana inayolinganisha saa za mafaili: ikiwa chanzo ni kipya kuliko zao lake, zao lifanywe upya. Mwaka 2003 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mifumo ya programu ya ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta.

Kuuliza saa ya faili ni rahisi mno kuliko kulisoma faili. Lakini saa hudanganya. Mtu akirudisha faili la zamani kutoka katika hifadhi, huenda likaja na tarehe yake ya zamani. Ni tofauti na lililokuwapo, ila si “jipya” kuliko zao lake, na kanuni ya make italipita. Shule nyingi zinazo kompyuta ambazo betri ya saa imekufa, na kila zikiwashwa hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Humo kanuni ya “jipya kuliko” haina maana hata kidogo. Ni afadhali zana iandike saa na ukubwa wa kila faili ilipolisoma, na mara nyingine iulize si kama saa imesogea mbele, bali kama ni tofauti na ile iliyoandikwa.

Hata hivyo kuna mwanya. Tuseme zana imelisoma faili saa 4:15:20, na katika sekunde hiyo hiyo mwandishi akabadilisha herufi moja kwa nyingine. Saa ni ile ile, ukubwa ni ule ule, na badiliko limefichika milele. Git, zana ya kutunza matoleo ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 2005, huuziba mwanya huu hivi: faili lolote ambalo saa yake si ya kabla ya saa ambayo orodha yenyewe iliandikwa hushukiwa, na hilo pekee husomwa ndani. Kulinganisha maudhui, git hutumia alama inayofanana na alama ya kidole: hesabu inayofupisha faili lote kuwa namba moja ndefu, na herufi moja ikibadilika, namba hugeuka kabisa.

Njia ya tatu ni kutouliza kabisa, bali kungoja kuambiwa. Tangu mwaka 2005 Linux ina huduma iitwayo inotify, ambayo huiarifu programu iliyoomba kila mara faili linapoandikwa. Kuyazungukia mafaili 60,000 kunabadilishwa na ujumbe mmoja. Lakini zana ikiwa imezimwa, ujumbe haupokewi. Kwa hiyo kila inapowashwa haina budi kupiga mzunguko mmoja wa saa na ukubwa kabla ya kuketi kusikiliza.

FAILI MOJA LINAPOGUSA ELFU

Kwa ctags kila faili husimama peke yake. Zana za leo zinataka kujua zaidi: jina hili, mahali hapa, lina maana gani? Katika lugha za C na C++ jibu linaweza kutoka katika faili jingine, linaloitwa faili la kichwa, ambalo mafaili mengi huliingiza mwanzoni mwao. Kichwa kimoja kikibadilika, mafaili elfu yanayokitumia hayakuguswa na mtu, lakini maana ya maneno yake huenda imegeuka. Saa za mafaili hayo elfu hazitasema lolote.

Clangd, zana ya lugha hizo, huhifadhi kipande cha faharasa kwa kila faili, pamoja na alama ya kidole ya maudhui yake. Ikiwashwa hulinganisha alama na kuvifanya upya vipande visivyolingana. Na kwa kuwa wakati mwingine kazi huwa kubwa, huifanya nyuma ya pazia huku mwandishi akiendelea.

Utegemezi huu unaweza kukatwa mapema. Kijiprogramu kina sura mbili: tangazo lake, yaani jina lake na vitu inavyovipokea na kuvitoa, ambalo wengine huliona, na mwili wake, ambao ni siri ya nyumba. Mwandishi hutumia muda wake mwingi ndani ya mwili. Zana ikichukua alama ya kidole ya tangazo peke yake na kuikuta haikubadilika, haina haja ya kuwaamsha majirani. Watengenezaji wa rust-analyzer, zana ya lugha ya Rust, wamelifanya jambo hili kuwa sharti: kuandika ndani ya mwili wa kijiprogramu kusibatilishe kamwe maarifa yaliyokusanywa kuhusu programu nzima.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili kwa kadi, pasipo kompyuta. Darasa lichague kitabu chenye sura kumi, kila mwanafunzi aandike maneno ya sura aliyopewa, neno moja kwa kadi, na kadi zote zipangwe kwa alfabeti katika sanduku moja. Kisha mwalimu atangaze kwamba sura ya saba imeandikwa upya, na awape maneno yake mapya. Kundi la kwanza lirekebishe sanduku kwa kupitia kadi zote. Kundi la pili lipewe karatasi yenye orodha ya maneno ya zamani ya sura ya saba. Kundi la tatu liweke kadi mpya katika sanduku dogo na kuandika ubaoni “sura ya 7, toleo la 2”. Zihesabiwe kadi zilizoguswa na kila kundi, kisha kila kundi liulizwe maswali matano, na kadi zihesabiwe tena.

Baada ya hapo faharasa iundwe upya kabisa toka kitabu kilivyo sasa, na ilinganishwe na ya kila kundi kadi kwa kadi, kundi la tatu likiwa limeunganisha masanduku yake kwanza. Ndivyo pia wanavyofanya wanaotengeneza zana zenyewe: hubadilisha mafaili ovyo ovyo mara maelfu, wakarekebisha kwa njia ya haraka, wakaunda upya kwa njia ya polepole, na kulinganisha. Zikitofautiana hata kwa ingizo moja, njia ya haraka ina kosa, na msako huanzia kwenye faili lililobadilishwa mwisho kabla orodha hazijaachana.